Maiti Iliyotema Maji

Gari kuukuu halifi siku moja. Hustaafu kiungo baada ya kiungo, na huanza na vile ambavyo mwenyewe anaona haya kuvisimulia. Injini ikikwama, majirani wanakuja kukupa pole. Geaboksi ikigoma, hata shemeji anachanga. Lakini jaribu kuwaambia watu wa kwetu Mitaboni, Kathiani, kwamba gari lako halirushi maji ya kuosha kioo cha mbele, uone kama kuna atakayekukaribisha hata chai.

Dharau hii haikuanza kwetu. Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alimwona dereva wa tramu huko New York akihangaika na theluji kwenye kioo, akaenda akabuni waipa inayovutwa kwa mkono kutoka ndani. Mwaka wa 1903 akapewa hataza. Alipoipeleka kwa kampuni moja ya Kanada, akajibiwa kwamba haina faida ya kibiashara. Hataza ikaisha muda wake mama wa watu hajapata hata senti. Leo ni vigumu kupata gari lisilo na waipa. Basi kama aliyebuni waipa hakusikilizwa, mimi mwenye tatizo la maji tu nitasikilizwa na nani?

Na huku kwetu Kathiani maji hayo si anasa. Kuanzia Juni hadi mvua za vuli zitakapokumbuka njia, barabara za kuelekea vijijini hugeuka unga mwekundu. Bodaboda moja inakuachia wingu. Lori la mchanga likikupita, unaanza kutubu dhambi zako. Ukiwasha waipa kavu, zinakwaruza kioo. Ukibonyeza maji, gari langu lilikuwa linatoa matone yaliyojikongoja hadi ukingoni mwa kioo, yakatulia hapo kupumzika. Vumbi likawa tope, nazo waipa zikalisambaza kioo kizima kwa ustadi wa mwanamke anayesiriba nyumba. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakuwahi kuosha kioo cha gari.

Nikafungua boneti pale sokoni, jambo ambalo Mitaboni ni sawa na kuitisha baraza. Kijana wa bodaboda alifika kwanza. "Mkubwa, hiyo ni betri." Kwake kila ugonjwa ni betri, hata malaria. Muuza mitumba akaacha suruali zake, akasema ni fyuzi. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha Peugeot 504 akatikisa bakora na kutangaza kwamba magari ya siku hizi hayana adabu. Manahodha wakizidi chombo huenda mrama, na mimi sikuwa na hata chombo. Nilikuwa na kioo chenye tope.

Ndipo akaja fundi. Akaniomba nibonyeze, akainamisha sikio, akanyoosha mgongo kwa majonzi. "Pampu imekufa. Nipe pesa nikuletee nyingine kutoka Grogan, Nairobi."

"Fundi, mbona inalia?"

"Inalia kwa sababu imekufa."

Hoja hiyo ilipokelewa kwa minong'ono ya kuiunga mkono. Mimi sikuridhika, kwa maana mtambo wenyewe hauna siri. Kuna tangi la plastiki, na ubavuni mwake, karibu na chini, pampu ndogo ya volti 12 iliyochomekwa kwenye kipira. Kutoka hapo paipu nyembamba inapanda hadi kwenye vitundu vilivyo juu ya boneti. Pampu ikilia, umeme unafika, kwa hiyo betri na fyuzi zimekwisha kutoka mashtakani. Kinachobaki ni kuchomoa paipu karibu na kitundu na kumwambia mtu abonyeze. Maji yakiruka kwa nguvu, kitundu ndicho kilichoziba. Yakichuruzika tu, unarudi nyuma: pengine paipu imepasuka, imebanwa na bawaba ya boneti, au chujio limejaa uchafu.

Mama watoto akaketi penye usukani. Fundi akashika paipu, akalitazama tundu lake kwa karibu ili atuonyeshe jinsi marehemu alivyokauka.

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!"

"Bonyeza sawasawa!"

Akabonyeza sawasawa. Maiti ikamtemea fundi maji usoni, yakateremka hadi kifuani, yakamlowesha shati. Baraza likapiga makofi. Mzee wa Peugeot akasema kwamba katika maisha yake ameona vifo vingi, ila hicho kilikuwa na afya.

Mhalifu alikuwa chumvi. Maji ya visima vingi huku Ukambani yana chumvichumvi, na ndiyo niliyokuwa nikimimina kwenye tangi. Jua likipiga boneti, maji yaliyobaki kwenye kitundu yanakauka na chumvi inabaki. Ukisogeza jicho ulikuwa unauona ukoko mweupe umekizunguka kitundu, ndugu wa baba mmoja na ule ulio ndani ya birika letu la chai. Dawa yake ni siki. Mama watoto aliitoa kwenye kapu la ununuzi, akauliza kachumbari ya jioni itatiwa nini. Nikasema nchi inapokuwa kwenye dharura, kila mwananchi hujitolea.

Tulipokuwa tunangoja siki iyeyushe ukoko, mzee akatuambia kwamba zamani Volkswagen zile za mgongo wa kobe zilirusha maji kwa upepo wa gurudumu la akiba. Vijana wakacheka hadi wakashikana mabega. Lakini mzee alisema kweli: paipu ilitoka kwenye gurudumu hilo, upepo ukasukuma maji, na kulikuwa na vali ya kuzuia upepo usiishe wote. Kijana wa bodaboda akataka kujua ukipata pancha siku ya vumbi unachagua nini, kuona au kufika. Mzee akamjibu kwamba enzi hizo watu walikuwa wanafika hata bila kuona.

Nikazibua vitundu kwa sindano, polepole, maana ukivipanua maji yanapoteza mbio. Chujio nalo lilikuwa limevaa ute wa kijani, likasuguliwa kwa mswaki. Kisha tukabonyeza. Maji yakaruka juu, yakavuka kioo, yakavuka paa, yakamshukia mama aliyekuwa anapanga nyanya nyuma ya gari.

"Vuli imeanza?" akauliza, akitazama juu.

"Tusamehe, mwaitu."

Ndani ya kila kitundu kuna kigololi kinachogeuzwa kwa ncha ya pini. Cha kushoto nilikigeuza kikatii, sasa kinapiga katikati ya kioo. Cha kulia kina msimamo wake. Nikikiinamisha kinarudi pale pale, na upande huo ndio wa dereva, kwa hiyo abiria wangu ndiye anayeona vizuri kule tunakokwenda.

Nilipofunga boneti, fundi alikuwa bado amesimama pale, mkono ameunyoosha. Alitaka mia mbili.

"Za kazi gani, fundi?"

Akalishika shati lake lililolowa, akalikamua mbele ya baraza zima.

"Ya kupima pampu."