Fani ya Mwendo kwa Dereva wa Ridhaa, Mikumi hadi Kilosa

Katika nchi zenye viwanja vya mbio za magari, yaani njia za lami zilizojengwa kwa mzunguko ili gari lirudi lilikoanzia bila kukutana na lolote linalotoka mbele, huwekwa siku maalumu ambazo mwenye gari la kawaida hulipa kiingilio, hukaguliwa breki na matairi, huvaa kofia ngumu, kisha huruhusiwa kukimbiza gari lake kadiri moyo wake unavyomtuma, bila kushindana na yeyote na bila kupewa kikombe. Washiriki wa siku hizo ni madereva wa ridhaa, kwa maana hawalipwi bali hulipa, na wengi wao Jumatatu hurudi kazini kwa gari lile lile, likiwa na breki pungufu ya zile lilizokuwa nazo Ijumaa. Wilaya ya Kilosa, ambayo mji wa Mikumi umo ndani yake, haina uwanja wa namna hiyo, wala haionekani kuuhitaji, kwa kuwa kila jambo ambalo madereva wa ng'ambo hulilipia, iwe ni kona isiyoonyesha mwisho wake, tairi linalopoteza mshiko au deni linalofika baada ya furaha kwisha, hupatikana wilayani humo bila kiingilio na mara nyingi bila kuombwa.

Uwanja unaotajwa kuliko vyote katika elimu hii ni Nürburgring wa Ujerumani, ambao mzunguko wake wa kaskazini, uliofunguliwa mwaka 1927, una urefu wa kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70 zinazopanda na kushuka katikati ya msitu. Jackie Stewart, Mskoti aliyeshinda huko mwaka 1968 katika mvua na ukungu kwa tofauti ya zaidi ya dakika nne, ndiye anayesemwa kuupa jina la Jehanamu ya Kijani. Lisilofahamika sana ni kwamba, katika saa zinazotengwa kwa ajili ya umma, sheria ya Ujerumani huuhesabu mzunguko huo kuwa barabara ya kulipia yenye mwelekeo mmoja, hivyo anayeingia anakuwa bado yumo barabarani na si michezoni: lazima awe na leseni, awapite wenzake upande wa kushoto tu, na akiviparamia vyuma vya kingo atozwe gharama ya kila kipande alichokipinda.

Miaka mitatu kabla ya ushindi huo wa Stewart, jehanamu nyingine ilikwisha kuanza kupita Mikumi. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilijikuta haina njia ya kusini ya kutegemea kwa mafuta yake, na malori yakaanza kusomba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa na Mbeya, juu ya barabara ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa udongo mtupu. Walioiendesha wakati huo, wengi wao wageni waliofuata mshahara, waliiita kwa Kiingereza Njia ya Jehanamu, na hawakuwa na haja ya kuongeza rangi yake, kwa sababu ilibadilika kulingana na msimu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968 na lami ikafuata baadaye, lakini wakati huo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilikwisha kutangazwa tangu mwaka 1964, yaani wanyama walipata hadhi yao ya kisheria mwaka mmoja tu kabla ya malori kuwamiminikia, na tangu hapo pande zote mbili zimeendelea kudai kwamba ndizo zilizotangulia.

Barabara hiyo huikata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na hapo ndipo dereva wa ridhaa kutoka Dar es Salaam, aliyechoshwa na foleni za Kimara na Kibaha, huona kwa mara ya kwanza lami iliyonyooka, nyeupe kwa jua na tupu mbele yake, akashawishika kuamini kwamba imetandikwa kwa ajili yake. Huyo hufikishwa kwanza mbele ya bango linaloorodhesha faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa, kwa dola za Marekani. Wajerumani hutoza vyuma. Mikumi hutoza kwa kichwa, na bei ya tembo au twiga huzidi kwa mbali thamani ya magari mengi yanayolipita bango hilo, kiasi kwamba dereva mwenye gari dogo la mkopo akifanya hesabu kwa uaminifu atagundua kwamba, katika ajali ya pamoja, mali ya maana zaidi ni ile yenye miguu minne. Bango hilo halisemi lolote kuhusu deni la twiga kwa dereva, na ukimya huo ni wa makusudi.

Matuta nayo yanastahili kutajwa, pamoja na zile safu za vituta vidogo ambavyo madereva huviita rasta, vilivyowekwa ili kumkumbusha anayesahau. Nadharia ya mwendo inafundisha kwamba breki zikanyagwe gari likiwa limenyooka, kabla ya kona na si ndani yake; madereva wa Mikumi huitekeleza kanuni hii kwa ukamilifu mbele ya kila tuta, isipokuwa lile ambalo rangi yake imefutika, ambalo hulitambua baada ya abiria wa kiti cha nyuma kugonga dari. Nyani, waliozoeshwa na abiria wa mabasi wanaorusha maganda na ndizi kinyume cha kanuni za hifadhi, hukaa kando ya matuta haya kwa sababu wamekwisha kujua kwamba gari hupunguza mwendo hapo, na hakuna mtazamaji wa mbio anayechagua nafasi yake kwa busara zaidi.

Kwenye uwanja rasmi, mawasiliano hufanywa kwa bendera: ya njano huonya kuhusu hatari iliyo mbele, nyekundu husimamisha wote, buluu humwambia wa polepole kwamba anapitwa, na nyeusi humwita mkosefu kando akajieleze. Barabara ya Mikumi ina mfumo wake, ambao haukuandikwa popote na unaeleweka kwa wote, ingawa si kwa namna moja. Matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani humaanisha kwamba mbele kuna lori lililoharibika. Tatizo ni kwamba lori likishatengemaa huondoka na matawi hubaki, hivyo kuna madereva wanaonyatia kwa heshima zote lori ambalo saa hiyo linapakua mzigo Tunduma. Kuwashiwa taa mara mbili na gari linalotoka mbele ni jambo gumu zaidi kulifasiri, maana huweza kumaanisha askari wa usalama barabarani, au tembo, au taa zilizosahaulika zikiwaka mchana, au salamu kwa dereva wa lori lililo nyuma ambaye ni shemeji yake. Dereva mwenye hekima hupunguza mwendo kwa yote manne, kisha humpungia mkono askari, tembo au shemeji, kadiri itakavyokuwa.

Kuhusu askari, inapasa kuelezwa kwamba kifaa chao cha kupimia mwendo huitwa tochi, na anayenaswa husemwa kuwa amepigwa tochi. Kwenye siku za umma za Nürburgring washiriki hukatazwa kujipima muda. Huku kipimo hutolewa na dola, bila ombi, kwa nambari kamili, na mara nyingi penye kijiji chenye kibao cha kilomita 50 kwa saa ambacho mgeni alidhani kimesahauliwa hapo tangu barabara ikijengwa. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na risiti yake ndiyo hati pekee ya mwendo ambayo dereva wa ridhaa wa Tanzania huweza kuionyesha nyumbani, ingawa wachache huionyesha.

Mji wa Mikumi ndio njia panda, na anayegeuka kaskazini kwenda Kilosa huingia katika darasa la pili, yaani lisilo na lami. Njia hiyo, yenye zaidi ya kilomita 70, kwa sehemu kubwa ya maisha yake imekuwa ya changarawe na udongo, nayo hupita Ulaya, kijiji halisi chenye jina hilo, hivyo mkazi wa Mikumi huweza kufika Ulaya asubuhi na kurudi jioni akiwa na vumbi la huko hadi kwenye nyusi, bila viza. Hapa ndipo somo la mstari wa mbio linapopata changamoto. Walimu wa viwanjani hufundisha kwamba kona ianzwe kwenye ukingo wa nje, iguse ukingo wa ndani katikati yake, kisha imalizwe tena nje, ili mviringo mkali uwe mpana na gari lisipoteze mwendo. Mstari huo upo Kilosa pia, lakini umechimbwa zamani na Fuso za mazao kwa kina cha goti, na anayeingia ndani ya mifereji yake hahitaji tena usukani mpaka kona iishe. Isitoshe, ukingo wa ndani, ambao kitabu kinauita sehemu muhimu kuliko zote, huwa tayari una bodaboda inayotoka upande wa pili na magunia matatu ya mkaa.

Panapokosekana mifereji huwapo mawimbi. Barabara ya changarawe hujikunja vijituta vya kukingama kwa sababu gurudumu linalopita kwa mwendo fulani hurukaruka na kuusogeza udongo, kisha gurudumu linalofuata hukuta mahali pa kurukia pameshaandaliwa, likapaongeza. Madereva wamegawanyika katika madhehebu mawili. Wa kwanza hupita polepole, wakivumilia kutikiswa hadi maneno yao yakatike katikati. Wa pili hukanyaga mafuta wakiamini, na kwa hakika hawakosei, kwamba ukizidisha mwendo gari huruka kutoka kilele hadi kilele na kutulia, ila husahau kwamba gari linaloruka haligusi ardhi vya kutosha kupinda wala kusimama. Dhehebu hili ndilo linalowapa kazi mafundi wa Kilosa. Nati hulegea, shokapu huvuja, kibao cha namba huaga bila kusema, na si ajabu kumwona mwenye gari akitembea kwa miguu kurudi alikotoka, akiinamia majani kandokando ya njia, akijibu salamu za wapita njia kwa sauti ya mtu asiyetafuta kitu.

Msaidizi wa dereva katika mbio za rally ni msomaji wa njia, mtu anayeketi kando ya dereva na daftari, akitamka kila kona kabla haijaonekana. Kwenye gari la abiria kazi hiyo hufanywa na mama wa kiti cha mbele, ambaye hana daftari na hahitaji.

"Suka, hapo kuna shimo."

"Nimeliona, mama."

"Umeliona baada ya kuliingia, mwanangu."

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mjadala wa madhehebu hufungwa, kwa kuwa udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye tairi hadi kashata zake zijae, tairi likawa laini pande zote na gari likachagua uelekeo wake lenyewe. Hali hii ina historia ndefu. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta David Livingstone mwaka 1871, aliivuka mbuga ya Mkata katika mvua hizo hizo, akahangaika na punda wake majini na kwenye matope, na malalamiko yake yanafanana kwa karibu na yale yanayosikika leo karibu na Coaster iliyozama nusu, ila yeye alikuwa na wapagazi wa kuwalaumu na abiria wa leo wana dereva. Mto Mkondoa nao, ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, uliharibu hata reli, jambo linaloonyesha kwamba katika wilaya hii kukwama hakujali daraja la usafiri.

Anayeona aibu kwa kutofika afahamu kwamba walio bora walikwama pia. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita kwa miaka mingi katika nchi tatu za Afrika Mashariki, yaliendeshwa kwenye barabara za umma zisizofungwa, zenye ng'ombe, mabasi na matope yao, na katika mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyashinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari ambalo wakati huo lilikuwa pia likibeba abiria na kuku katika njia hizi hizi. Mila ya mbio ya ukanda huu, kwa hiyo, haikuzaliwa uwanjani, na dereva wa Noah anayefika Kilosa na abiria wote wakiwa hai ana haki ya kujihesabu ndani yake, hata kama hakuna anayempigia makofi zaidi ya mtoto anayetaka kushuka.

Mwendo mkubwa kuliko yote wilayani sasa ni wa treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na ambayo hupita Kilosa kwa njia iliyobuniwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, bila tochi, bila nyani na bila dereva kuulizwa apite upande gani wa shimo. Mwenye kiu ya kasi tupu akate tiketi. Anayeshikilia kwamba lazima aendeshe mwenyewe kutoka Mikumi aondoke saa 12 asubuhi, abebe matairi mawili ya akiba na waya wa kufungia kibao cha namba, na asimwahidi mtu yeyote wa Kilosa kwamba atamkuta kwenye chakula cha mchana.