Jinsi ya Kuhitimu Mikono Mitupu

Kama uko mwaka wa mwisho, na tasnifu, rekodi za mahojiano, picha za fildi na barua zako za kuomba kazi bado zimelala kwenye akaunti ya chuo, hongera. Nusu ya kazi umeshaimaliza. Nusu iliyobaki ni kukaa hivyohivyo mpaka siku ya kuvaa joho, na mwongozo huu utakushika mkono.

Kwanza uwe na imani. Amini kwamba akaunti ni yako kwa sababu ina jina lako. Hata mlango wa chumba cha hosteli ulibandikwa jina lako mwaka mzima, na mpaka misumari ya kutundikia nguo ulipigilia. Ukisikia watu wanasema vyuo vimeanza kubana nafasi, wapuuze. Ni kweli kwamba zamani Google ilivipa vyuo nafasi isiyo na kikomo, kisha Februari 2021 ikatangaza kuwa chuo kizima kitapewa TB 100 za msingi, na vyuo vilivyokuwemo vikaanza kuhesabiwa Julai 2022. Microsoft ikafuata na TB 100 zake mwaka 2024. Ila usipige hesabu. Ukizigawa TB 100 kwa chuo chenye watu 40,000, kila mmoja anaambulia GB 2.5, wakati Gmail ya bure inampa GB 15 hata aliyeishia darasa la saba. Ukishajua hilo utaelewa kwa nini ofisi ya TEHAMA haina hamu ya kukaa na wahitimu, na kuelewa kutakuharibia usingizi.

Sasa ingia kwenye akaunti ya chuo, ishee folda nzima kwa Gmail yako binafsi, kisha fungua simu. Folda hiyo hapo! Inafunguka, unaandika, unafuta. Usiangalie sehemu inayomtaja mwenye faili, maana utakuta bado ni ile akaunti ya chuo, na ikifutwa hiyo, faili nazo huenda nayo. Mwenye kusimamia mfumo ana siku 20 za kuirudisha akaunti iliyofutwa. Wewe huna hata moja.

Ukijaribu kuikabidhi Gmail yako umiliki, mfumo utakukatalia: umiliki wa faili la chuo hauvuki mpaka wa chuo. Hapo kata tamaa mara moja. Usije ukaingia kwa akaunti yako binafsi, ukafungua lile faili ulilosheewa na kutengeneza nakala, kwa sababu nakala hiyo itakuwa mali yako halali. Historia ya marekebisho haitakuja nayo, lakini sura ya nne yote itakuwepo, na sisi hapa hatutafuti sura ya nne.

Wenye mashaka hukimbilia flashi. Ni njia nzuri sana ya kupoteza, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chomeka flashi, fungua folda ya Drive iliyo kwenye kompyuta, kokota sura ya nne uliyoiandika ndani ya Drive yenyewe uiangushe humo. Itaingia kabla hujapepesa jicho. Usijiulize imekuwaje kurasa 60 zikawa na uzito wa KB 1. Kilichoingia ni anwani tu, inayoelekeza maandishi yaliko, na maandishi yamebaki kulekule chuoni. Weka flashi kabatini, funga kwa ufunguo, lala.

Ipo pia huduma ya Google yenyewe inayohamisha barua pepe na faili za Drive kutoka akaunti ya chuo kwenda Gmail ya kawaida, endapo chuo hakijaifunga. Huchukua saa chache, wakati mwingine hadi wiki. Kwa hiyo ianze usiku wa kuamkia siku akaunti inafungwa. Hakikisha pia zile GB 15 zimejaa. Hilo halina shida, kwani tangu 2024 nakala za WhatsApp kwenye simu za Android huhesabiwa humo, na video za kamati ya harusi ya binamu yako zitatosha.

Ukiamua kupakua data yako yote kama furushi moja, usipochagua ukubwa mwingine litakatwa vipande vya zipu vya hadi GB 2 kila kimoja, na linki yake hufa baada ya siku 7. Subiri bando la ofa. Wiki ijayo.

Nisisahau rekodi za mahojiano. Zile ulizowaahidi akina mama wa kliniki kwamba hakuna atakayezisikia, zifungulie yeyote mwenye linki, kisha linki itupe kwenye kikundi cha darasa ili mwenzako akusaidie kunukuu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019, lakini sheria husomwa na wanaosomea sheria. Hata kuzihamishia kwenye Gmail yako bila kuangalia kibali cha utafiti kilisemaje ni hatua nzuri kuelekea kwenye kamati ya maadili.

Na Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini Tanzania? Jisajili kwa barua pepe ya chuo. Ukisahau nywila, ujumbe wa kuibadilisha utatumwa kwenye sanduku lisilofunguka.

Baada ya miezi kadhaa msimamizi wako atataka data ili muandike makala pamoja.

“Shikamoo Dokta.”

“Marahaba. Folda yako inanidai ruhusa.”

“Bonyeza pale pa kuomba, Dokta.”

“Nimebonyeza tangu Jumatatu.”

Maombi yake yote yamefika salama kwa mwenye folda, yaani kwenye akaunti iliyofungwa. Utapanda basi hadi chuoni ukaombe ifunguliwe, saa moja tu. Kijana wa TEHAMA, mpole, atakuuliza kama ulijaza fomu ya kliarensi. Ulijaza, ukazunguka nayo maktaba, hosteli, uhasibu mpaka hapohapo dirishani kwake. Ataitoa kwenye faili la karatasi, ambalo halijapotea, akuoneshe muhuri wa ofisi yake na saini yako chini yake, kwamba wewe na chuo hamdaiani chochote.