Jinsi ya Kubishana Mwamanyili Bila Kumezeshwa Usichotafuna

Hatua ya kwanza ni nyepesi: kaa kijiweni, funga mdomo, subiri neno "kwa hiyo". Litakuja kabla chai haijapoa. Mtu akisema "kwa hiyo", ujue ameruka mtaro, na wewe kazi yako ni kuchungulia mle alimoruka.

Anza na mabishano yasiyoweza kuvunja undugu. Dereva wa bodaboda anajaza fomu ya kazi, mwenzake kamwinamia begani: "Si umezaliwa hapa Mwamanyili? Kwa hiyo mkoa wa kuzaliwa andika Simiyu." Kijiwe kizima kinaitikia, maana Mwamanyili iko Busega na Busega iko Simiyu, nani atabisha? Kilichomezwa hapo ni kwamba mipaka ya leo ndiyo iliyokuwapo siku mama yake anajifungua. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Busega ilikuwa ndani ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, na Bariadi yenyewe, ambayo leo ndiyo makao makuu ya mkoa, ilikuwa Shinyanga. Kijana wa miaka thelathini akiandika Simiyu wakati cheti chake kinasema Mwanza, atakayepigwa danadana maofisini ni yeye, mshauri wake atakuwa ameshapata abiria.

Ukiliona hilo, umeshaipata kazi yote. Swali ni moja tu: ili hili litoke kwenye lile, ni nini lazima kiwe kweli ambacho hakuna aliyekisema? Aristotle alishaeleza kwamba msemaji huacha kutaja jambo analojua msikilizaji atalijazia mwenyewe. Mwaka 1958 Mwingereza Stephen Toulmin aliandika kitabu kizima kuhusu hoja, na ndani yake lipo swali ambalo kila bibi wa Kisukuma anamuuliza mjukuu aliyechelewa kurudi: umefikaje hapo?

Sasa panda ngazi, nenda kwenye pamba. "Bei imetangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, kwa hiyo mwenye kilo 500 ana laki sita." Hesabu haina kosa. Ndiyo iliyopigwa msimu wa 2019, bei ilipotangazwa kuwa 1,200, na kwa hesabu hiyo hiyo watu wakakopa dukani na kuahidi ada za shule. Lakini laki sita haitoki kwenye bei peke yake. Lazima awepo mnunuzi anayekubali bei hiyo, na huyo mnunuzi awe na fedha siku mzigo unapopimwa. Mwaka ule bei ya soko la dunia ilishuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi walikabidhi pamba kwenye AMCOS, yaani vyama vyao vya ushirika, kisha wakakaa miezi wakisubiri malipo. Tangazo lilikuwa la kweli. Yaliyonyamaziwa ndiyo yaliyowaangusha watu.

Hapa pana suala la adabu, tena usiliruke. Ukigundua kilichomezwa na aliyekimeza ni mzee, usimwambie hoja yake ina kasoro. Mwambie: "Baba, nisaidie kidogo. Hiyo laki sita nitapewa na nani, na siku gani?" Atakujibu, na katika kujibu atalitamka mwenyewe lile lililofichika. Mara nyingi mzee analijua kuliko wewe. Alikuwa hajaulizwa tu. Na kama kweli mnunuzi yupo na fedha ipo, basi mzee yuko sahihi, ukubali palepale. Anayeuliza ili ashinde, watu humchoka upesi, na siku akiwa na swali la maana hakuna atakayemsikiliza.

Siku yenyewe ndiyo hii. Mtoto amefariki, watu wamekaa msibani, mmoja anasema kwa sauti ya chini: "Yule bibi wa jirani macho yake mekundu." "Kwa hiyo" hata haisemwi. Kila mtu anamalizia kichwani mwake, na Usukumani tumewazika akina mama wengi walioanza kuuawa kwa sentensi kama hiyo.

Ichukue taratibu. Macho mekundu, ndiyo, kila mtu anayaona. Kilichomezwa ni kwamba macho hufanywa mekundu na uchawi na si kitu kingine. Basi ingia jikoni kwa huyo bibi. Nyumba ya udongo, dirisha hakuna, mafiga matatu, na anachochea mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Kuni za miti ni shida, kwa sababu Usukuma ulifyekwa misitu tangu enzi za ukoloni ili kuwatokomeza mbung'o, kisha pamba na malisho vikaendeleza ufyekaji. Mwanamke aliyepulizia moshi huo miaka hamsini, macho yake yawe meupe kwa muujiza gani?

Usiishie hapo. Uliza pia: mzee fulani aliyeshinda kilabuni, macho yake mekundu kama pilipili, mbona yeye hatajwi? Hapo utaona watu wanatazamana, kwa sababu lililomezwa linaanza kujitokeza lenyewe. Bibi huyu ni mjane, hana mtoto wa kiume wa kumtetea, na ana shamba. Wanaofanya kazi ya kuwatetea wazee wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma za uchawi kuna migogoro ya ardhi na mirathi.

MAPERECE, shirika la Magu linalotetea wazee, kwa kushirikiana na shirika la HelpAge, lilisaidia kina mama kupata majiko yasiyojaza moshi. Ni kazi njema, na kila jiko lililojengwa limeokoa kifua cha mtu. Ila jiko linaondoa wekundu, halimwondolei msemaji imani yake kwamba alama ya mwilini ni ushahidi wa kuua. Macho yakiwa meupe, ataona makunyanzi, au kibuyu cha dawa ya tumbo juu ya kabati. Ndiyo maana lazima tuifukue ile sentensi iliyonyamaziwa, hata kama jiko tumeshapata.

Na iliyo chini kabisa imejificha ndani ya swali. Familia ikienda kwa mpiga ramli kuuliza "Nani amemuua mtoto wetu?", imeshakubali kabla ya kufika mlangoni kwamba yupo aliyeua. Mpiga ramli chonganishi hana haja ya kudanganya sana. Amebakiwa na kutaja jina tu. Badilisha swali. Mtoto alianza kuugua siku gani? Alipelekwa zahanati siku ya ngapi? Alipimwa malaria? Maji ya kunywa yalichotwa wapi? Haya uyaulize mapema, mchana, mwenyekiti wa kitongoji na wazee wa sungusungu wakiwapo, kabla jina halijatajwa. Likishatajwa, mkumbushe mwenyekiti kwamba Sheria ya Uchawi inamfanya anayemtaja mwenzake kuwa mchawi awe ametenda kosa, kisha mtume kijana mmoja akalale kwa bibi usiku huo, mwingine aende polisi.