Kwako Mhitimu Unayeripoti Kongwa

Karibu, kijana. GPA yako tumeisikia. Hata bodaboda aliyekuleta kutoka stendi anaisimulia. Ila mapendekezo yako yapunguze mwendo kidogo. Waingereza wa mradi wa karanga walitua hapa mwaka 1947 na vyeti, matrekta na mpango uliopitishwa London. Wagogo, wanaoijua mvua ya huku inavyodanganya, hawakuwa kwenye kikao. Ardhi ilipokauka ikawa kama saruji, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea. Na wale walikuja na matrekta!

Basi kabla hujafungua slaidi zako, kamuulize mlinzi wa getini. Anza na shikamoo; CV yako hajaisoma.