Jinsi ya Kulinda Kizazi Chako Dhidi ya Simu Bila Kukanyaga Maabara

Mwongozo huu ni wa mwanaume aliyeoa, miaka inakatika, mtoto hapatikani, na mawifi wameanza kumtupia mkewe maneno. Mke ameshapimwa homoni. Ameshapigwa ile picha ya mirija ambayo mtu hutoka nayo ameshika tumbo. Ameshakunywa magome ya miti mitatu tofauti, moja likiwa chungu kuliko jingine. Wewe hujapimwa kitu, na huna haja, maana mshukiwa tunamjua: yumo mfuko wa mbele wa suruali yako na hutetemeka kila shemeji anapotuma ua la "Asubuhi njema".

Anza na utafiti, kwa sababu kijiweni mtu asiyetaja utafiti hasikilizwi. Taja Uswisi. Mwaka 2023 watafiti wa huko, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Geneva, walichapisha matokeo ya vijana 2,886 wa miaka 18 hadi 22 waliopimwa mbegu kati ya 2005 na 2018, wakati wa kukaguliwa kwa ajili ya jeshi. Kwa waliotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku, kiwango cha kati kilikuwa mbegu milioni 44.5 kwa mililita. Kwa waliotumia si zaidi ya mara moja kwa wiki, kilikuwa milioni 56.5. Ukishazitaja namba hizo, lipa kahawa uondoke, kabla hajatokea mwalimu mstaafu aliyesoma kurasa zilizobaki.

Kurasa zilizobaki hazina adabu. Zinasema mahali pa kuweka simu, iwe mfukoni au kwingineko, hapakuonekana kuleta tofauti. Zinasema pengo lilizidi kusinyaa kadiri mitandao ilivyohama kutoka 2G kwenda 3G na 4G. Tena vijana wenyewe ndio waliokadiria wanashika simu mara ngapi, na mtu wa mara 20 kwa siku huenda anatofautiana na wa mara moja kwa wiki kwa mengi mengine: usingizi, kukaa, chakula. Na hiyo milioni 44.5 yenyewe iko mbali juu ya milioni 16, mstari ambao chini yake Shirika la Afya Duniani, WHO, huanza kuuliza maswali.

Wakikubana, hamia Argentina. Mwaka 2012 watafiti wa huko waliweka mbegu chini ya kompyuta ya mpakato iliyounganishwa na Wi-Fi kwa saa nne, na zikapungua kasi ya kuogelea. Kweli kabisa. Zilikuwa kwenye kisahani cha maabara, nje ya mwili. Kama zako huwa unaziacha mezani karibu na sukari, utafiti huo unakuhusu moja kwa moja.

Usitaje kabisa mapitio ya tafiti za binadamu yaliyoagizwa na WHO na kuchapishwa 2024. Yalisema ushahidi kwamba mawimbi ya simu hupunguza uwezo wa mwanaume kuzaa ni dhaifu mno kutegemewa. Ukilazimika kuyataja, neno "dhaifu" lisome kama "wanaficha".

Sasa ununue kinga. Kuna stika za kubandika nyuma ya simu, kuna mikufu, kuna bangili. Stika ina raha yake: ikiziba antena kweli, simu hulazimika kurusha mawimbi kwa nguvu zaidi ili iufikie mnara, kwa hiyo unalipia kinga na kuongezewa mionzi kwa bei ileile. Lakini kwa mkufu utakuwa umepata mali. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipima bidhaa kumi, nyingi zikiuzwa kama kinga ya 5G, zikiwemo mikufu, bangili na barakoa ya kulalia. Zote kumi zilikuwa na vitu vyenye mionzi, na safari hii ile hasa, ya aina inayoweza kuvunja vinasaba, ambayo simu haina uwezo wa kuitoa hata uilalie. Miongoni mwake kulikuwa na bangili ya watoto. Wenye nazo waliambiwa waache kuzivaa, wazihifadhi mbali na watu na wasubiri maelekezo ya kuzirudisha. Simu haijawahi kupewa heshima ya namna hiyo. Ilichopata Ufaransa, Septemba 2023, ni iPhone 12 kuzuiwa kuuzwa kwa kupima wati 5.74 kwa kilo kwenye kipimo cha mkononi na mfukoni ambacho kikomo chake ni 4. Tatizo likamalizwa kwa kusasisha programu.

Hatua inayofuata ni kununua kitochi. Watu wengi wenye busara huamini simu ndogo ina mionzi midogo. Kitochi cha 2G, mtandao ukiwa wa kubahatisha, huweza kurusha hadi wati 2, kwa vipande vifupi vifupi. Simu janja ya 4G kikomo chake ni kama wati 0.2, na ikiwa karibu na mnara hushuka chini zaidi. Kwa hiyo ukishapata kitochi, jiunge na majirani kupinga mnara usijengwe mtaani. Mnara ukiwa mbali, kila simu ya mtaa mzima itapiga kelele kama muuza samaki, nawe utakuwa umeikinga familia. (Simu yangu hulala sebuleni, lakini siogopi mionzi. Naogopa makundi ya michango ya harusi.)

Kuhusu joto, naomba tuwe na utulivu, maana hapa ndipo wengi huponyokwa na hoja. Korodani ziliwekwa nje ya tumbo kwa sababu kiwanda chake hutaka nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kukamilika. Mwaka 2005 madaktari wa jimbo la New York waliwakalisha wanaume 29 kwa saa moja wakiwa na kompyuta mapajani. Joto la mfuko wa korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 2.5. Cha kuudhi ni kwamba kukaa tu mapaja yamebanwa, bila kompyuta kufanya kazi, kulipandisha nyuzi 2.1. Hakukuwa na haja ya Wi-Fi. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard walitazama wanaume 656 na kukuta wavaa bokta pana wakiwa na mbegu nyingi zaidi kwa kila mililita, kwa asilimia 25, kuliko wenzao wa chupi za kubana.

Kwa hiyo vaa jinzi ile ambayo kuivaa kunahitaji msaidizi. Panda basi la Dar kwenda Mwanza na kompyuta mapajani, imechomekwa kwenye chaja, inapuliza hewa moto. Ila zima Wi-Fi. Tunajali afya.

Chakula nacho kina sehemu yake. Jioni pitia kwa muuza supu ya pweza, umwambie aongeze kikombe cha pili. Mchana kuna yule kijana wa sinia: mihogo mibichi, vipande vya nazi, karanga, pilipili kwenye kopo la plastiki. Anakuchagulia muhogo mwenyewe, anaumenya kwa mikato miwili ya kisu, anakukonyeza na kusema, "Leo shemeji atakusimulia." Kula kwa amani. Nguvu za kitandani na wingi wa mbegu ni mambo mawili yanayoweza kuishi nyumba moja bila kusalimiana, lakini hilo usimwambie, atapoteza mtaji. Ukitaka kifua kipanuke haraka, kuna sindano za testosteroni za gym: huujulisha ubongo kwamba homoni ipo tele, ubongo unasimamisha amri, na kiwanda kinafungwa milango. Kifua kitakuwa kikubwa cha kupigia kifua.

Usiwe na kumbukumbu ya kisonono ulichokitibu kwa nusu dozi chuoni. Wala ya matumbwitumbwi yaliyokushukia chini ukiwa na miaka kumi na sita. Wala usijipapase kwenye bafu ukakuta mishipa ya korodani imejikunja upande wa kushoto, ambayo wanaume wapatao 15 katika 100 wanayo, hupatikana zaidi kwa wasiopata watoto, na daktari anaweza kuirekebisha. Visivyogunduliwa havipo. WHO walisema 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani, na katika karibu nusu ya ndoa zinazotatizika, upande wa mume una mchango wake. Wewe umo katika nusu ile nyingine. Umejuaje? Umeamua.

Mke akisema, "Baba, na wewe twende basi," jibu kwa upole kwamba mtandao ndio unachunguzwa. Akisisitiza, safiri.

Ikishindikana kabisa na ukajikuta umeshika kikopo chenye jina lako kwa wino wa bluu, masharti ni haya: siku mbili hadi saba bila tendo, usitumie kondomu wala sabuni wala mafuta, na kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili. Wengi hukiweka mfuko wa shati, kifuani, palepale waogopa mionzi wanapohamishia simu. Muuguzi atakipokea bila kukutazama usoni, kwa sababu ana vingine saba mezani. Majibu yakiwa tayari watakupigia.

Usipokee. Mionzi.