Kopo la Chai, Fakitire Tupu na Bahasha ya Mkuu

Barua zilizomfikia Mshauri safari hii zimetoka Gitega na Muyinga. Fedha zinazogombaniwa humo ni za kununulia chai, maandazi na lita chache za mafuta. Hasira iliyomo ingetosha kesi tatu za mahakama kuu.

Wa kwanza ni karani wa Gitega aliyetia saini kwa jina la Mnyonge wa Chai. Ofisi yao, ambayo imezidi kujaa watu tangu mji huo ulipotangazwa makao makuu ya kisiasa mwishoni mwa 2018, ina kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Anayekunywa chai hutumbukiza faranga 500. Karani amehesabu: vikombe 30 huoshwa kila siku, lakini jioni kopo hutoa faranga 9,000. Vikombe kumi na viwili vimejinywesha vyenyewe. Anauliza kama awaite wenzake wezi mbele ya kikao, au abandike majina mlangoni.

Asifanye lolote kati ya hayo. Katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, watafiti walibandika picha juu ya kisanduku cha malipo ya chai na kahawa cha wafanyakazi: wiki hii maua, wiki ijayo macho ya binadamu yanayokodoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Wiki za macho, watu walilipa karibu mara tatu ya wiki za maua. Ikiwa wasomi wanaolipwa kwa pauni huona haya mbele ya karatasi, karani wa Gitega asidhani ofisi yake imeangukiwa na mashetani. (Wala asimeze kila utafiti wa aina hii. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walichapisha makala kwamba mtu akitia saini juu ya fomu kabla ya kuijaza, husema kweli zaidi. Mwaka 2021 makala iliondolewa baada ya kugundulika kuwa baadhi ya takwimu zake zilipikwa. Makala ya uaminifu!)

Dawa iliyo bora iko karibu na kwao. Kwenye vilima vya Burundi kuna vikundi vya kuweka na kukopa, vingine vikijulikana kwa jina la Nawe Nuze, vinavyofuata mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Sanduku ni la chuma na lina kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo wanachama watatu, na sanduku lenyewe hulala kwa wa nne. Siku ya mkutano hufunguliwa mbele ya wote, noti zinahesabiwa kwa sauti, na jumla inatajwa ili kila mtu aondoke nayo kichwani, hata asiyejua kusoma. Hakuna anayewaita wanachama hao wezi, na kufuli ziko palepale. Basi kila Ijumaa saa kumi karani amwage kopo mezani, wote wakiwepo, na mtu tofauti ahesabu kila wiki.

Barua ya pili ni fupi na ina jasho. Mweka hazina wa michango ya misiba na harusi, naye wa Gitega, alichukua faranga 60,000 akiamini angezirudisha mwisho wa mwezi. Ilikuwa 2023. Tarehe 7 Juni Benki Kuu ikatangaza kwamba noti za 5,000 na 10,000 za mwaka 2018 zirudishwe benki ndani ya siku 10, na wenzake wakataka bahasha ya michango ifunguliwe siku hiyohiyo. Alilipa kwa kukopa kwa shemeji yake. Bado anauliza kama ule ulikuwa wizi au mkopo. Mkopo hujulikana na watu wawili. Huu ulijulikana na mmoja. Aendelee kumlipa shemeji.

Barua iliyomnyima Mshauri usingizi ni ya afisa wa Muyinga, ambaye babu yake alikuwa mushingantahe, mmoja wa wazee waliokuwa wakichunguzwa kwa miaka kabla ya kukabidhiwa fimbo ya kuamua kesi. Anatumwa Gitega kikazi mara kwa mara. Pampu zikiwa kavu, jambo ambalo Burundi imelizoea kwa miaka kadhaa sasa, dereva hununua mafuta ya vidumu kwa magendo, kwa fedha za mfukoni mwa afisa na kwa bei inayozidi ya serikali mara kadhaa. Muuza vidumu hatoi fakitire. Mhasibu hataki kusikia hadithi, anataka karatasi yenye mhuri. Mwenzake amempa fakitire tupu ya kituo cha mafuta, ajaze mwenyewe. Akiijaza, amedanganya na amelipwa haki yake. Asipoijaza, amesema kweli na watoto wamelala bila maharage.

Hapa hakuna jibu tamu. Kuandika ukweli kwenye karatasi ya kawaida, yaani lita, bei na saini ya dereva, ni kukiri kwa maandishi kwamba ofisi inanunua magendo. Aibu kubwa ni ya kanuni inayomlipa mwongo na kumkata mkweli. Kuhusu babu, asijitese sana: hata wazee wale waliletewa pombe na wenye kesi, na iliitwa agatutu k'abagabo. Afisa aliache gari, apande basi kupitia Karuzi, na ampelekee mhasibu tiketi. Na hao wanaopita Karuzi kisha wakadai lita za kuzungukia Ngozi, wajue mhasibu naye ana ramani.

Mwisho ni mkuu wa ofisi Muyinga, analalamika kwamba wafanyakazi wanabeba kalamu nyumbani. Barua yake imekuja kwenye bahasha ya serikali yenye kichwa cha Mkoa wa Muyinga, mkoa ambao tangu mikoa ilipopunguzwa kutoka 18 hadi 5 mwaka 2025 umemezwa na Buhumuza. Huenda akasema bahasha hizo zimeshakuwa takataka. Mshauri anaomba kujua stempu, nayo, ililipwa na nani.