Alama 77

Shahada ya uuguzi ya haraka ni masomo ya Marekani yanayompokea mtu ambaye tayari ana shahada nyingine, iwe ya biashara, ya ualimu au ya sosholojia, na kumtoa akiwa na shahada ya uuguzi baada ya miezi 11 hadi 18. Njia ya kawaida huchukua miaka minne. Nyumbani neno "haraka" hupokelewa kama sifa: mtoto ana akili nyingi hata Wazungu wamempunguzia miaka. Kilichopunguzwa ni masomo ya jumla ambayo mhusika alikwisha kuyamaliza katika shahada ya kwanza. Ya uuguzi yenyewe yako palepale, yamebanwa kama abiria wa matatu ya Githurai saa kumi na mbili jioni, na kondakta bado anaita wengine.

Kabla ya kuingia huhitajika anatomia na fiziolojia kwa mihula miwili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, lishe na saikolojia ya makuzi. Vyuo vingi hukataa masomo ya sayansi yaliyopita miaka 5 au 7, kana kwamba ini limehamia upande mwingine tangu hapo. Ile A ya Biolojia ya kidato cha nne, iliyotangazwa kanisani na kuchinjiwa mbuzi, haina hata mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

Baada ya hapo maisha yote huzunguka namba moja. Katika vyuo vingi vya uuguzi alama ya kufaulu ni 77. Kwingine ni 75 au 78. Chini yake ni kufeli, na mara nyingi hakuna kukadiria: 76.9 ni 76.9 hata mtu akilia. Anayefeli somo moja husubiri kundi linalofuata ili alirudie. Anayefeli mawili, kwa kawaida, huonyeshwa mlango.

Jambo hili ni gumu kulieleza kwa simu. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya na Tanzania, 70 ni A. Mwanafunzi wa Lowell, Massachusetts, akimwambia mama yake kwamba amepata 74, mama hushukuru Mungu kwa sauti na kumwita shangazi aje asikie. Akieleza kwamba 74 ni kufeli, kimya hutanda, kisha mama hutoa uamuzi wake: hao walimu wana wivu.

Wivu haumo. Kilichomo ni aina ya maswali, na hapo ndipo wengi waliozoea kuwa wa kwanza darasani huanguka mtihani wa kwanza kabisa. Shule za Afrika Mashariki humfundisha mtoto kukariri, na mtoto hukariri kweli. Maswali ya uuguzi ya Marekani huchukulia kwamba hayo ya kukariri yamekwisha kukaririwa jana. Kinachoulizwa ni nani ahudumiwe kwanza. Wapo wagonjwa wanne: aliyepasuliwa jana na analia kwa maumivu, mwenye kisukari anayetetemeka na kutoka jasho, mzee anayengoja kuruhusiwa kwenda nyumbani, na mwenye pumu ambaye kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi tangu asubuhi na sasa kimenyamaza. Mwenye huruma humkimbilia anayelia. Aliyelelewa vizuri humwendea mzee, maana mzee hangojeshwi. Jibu ni mwenye pumu. Kifua kilichonyamaza ghafla huenda hakipitishi tena hewa, na kanuni ni njia ya hewa kwanza, kupumua pili, mzunguko wa damu tatu. Adabu haimo katika orodha hiyo.

Yapo pia maswali ambayo majibu yote manne ni sahihi na mtahiniwa hutakiwa kuchagua lililo sahihi zaidi. Mengine humwambia achague yote yanayofaa, bila kumwambia ni mangapi. Jibu la "mwite daktari" huvutia kama kivuli cha mwembe, lakini mara nyingi ni mtego: muuguzi humpima mgonjwa kwanza, ndipo apate cha kumwambia daktari. Tena, hospitali ya kwenye maswali haina upungufu wa kitu chochote. Wafanyakazi wanatosha, vifaa vipo, na muuguzi ana muda wote duniani. Anayefanya kazi usiku katika makao ya wazee, anayejua hali halisi ilivyo, hujibu kwa uzoefu na kukosa. Mwenzake ambaye hajawahi kutandika kitanda cha mgonjwa hupata.

Kukariri nako hakukuachwa. Dawa zenye majina yanayoishia kwa -olol hupunguza kasi ya moyo. Zinazoishia kwa -pril hushusha shinikizo la damu na huweza kuleta kikohozi kikavu. Zinazoishia kwa -statin hushusha lehemu. Hilo lina mpango. Lisilo na mpango ni kwamba Wamarekani walibatiza upya dawa ambazo watu wamekua nazo. Parasetamoli kwao ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenalini ni epinephrine. Mtu aliyemeza Panadol maisha yake yote hukutana nayo mtihanini kama mgeni.

Hesabu za dawa zina mtihani wake, ambao vyuo vingi hudai 90 au hata 100 kwa mia. Nusu ya miligramu lazima iandikwe 0.5 ili nukta isipotee mtu akapewa 5; na 5 haiandikwi 5.0, isije ikasomwa 50. Uzito wa mgonjwa hutolewa kwa ratili, nao hugawanywa kwa 2.2 kupata kilo. Hapa mwanafunzi wa Afrika Mashariki hupumua kidogo, kwa sababu kilo ni lugha yake na Wamarekani ndio wanaotafuta kikokotoo. Raha hiyo hukatizwa na saa. Hospitali hutumia saa 24, kwa hiyo dawa ya jioni huandikwa 1900. Anayefikiri kwa Kiswahili hutoa 12 akapata 7, kisha hutoa 6 akapata saa moja, ndipo roho yake inapotulia na kujua kwamba sasa ni magharibi. Wenzake wakati huo wamekwisha kutoa dawa na wanaandika ripoti.

Kuhusu kazi, vyuo vingi hushauri mwanafunzi asifanye kazi yoyote katika kipindi chote cha masomo. Kodi ya nyumba haisikii ushauri. Mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa saa 20 kwa wiki, tena za kazi ya chuoni, muhula ukiendelea. Mwenye kibali cha ukazi huingia zamu ya usiku kama msaidizi wa wauguzi, saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, na mafunzo ya wodini huanza kabla ya saa moja hiyohiyo. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo. Wanaobaki juu ya 77 kwa kawaida ni wale waliokubali mapema kupungukiwa pesa: wanafanya zamu mbili za wikendi, wanaishi watatu chumba kimoja, na pilau wanaionja kwenye harusi za watu.

Mbinu nyingine zinazowaweka juu si za siri. Wanafanya maswali ya mazoezi kila siku, hamsini hivi, na wanasoma maelezo ya kila jibu, hata la swali walilopata, maana huenda walilipata kwa bahati. Wanasoma kwa vikundi vidogo, visivyo na mpishi. Baada ya mtihani wa kwanza wanakwenda ofisini kwa mhadhiri kuuliza walikosea wapi. Hili la mwisho huwatesa Waafrika Mashariki kuliko fiziolojia, kwa sababu walikotoka mtu aliitwa ofisini, hakujipeleka. Mhadhiri wa Marekani ametenga saa maalumu za kungoja wanafunzi, na mara nyingi hukaa peke yake akinywa kahawa. Asiyekwenda anadhani ametunza heshima. Mhadhiri anadhani ameelewa somo.

Mwisho wa yote ni mtihani wa leseni, NCLEX-RN, wenye ada ya dola 200. Hufanywa kwenye kompyuta inayopima uwezo wa mtu kadiri anavyojibu: akipata, swali linalofuata huwa gumu zaidi, akikosa, hulegezwa. Maswali hayapungui 85 na hayazidi 150, kwa muda wa saa 5. Tangu Aprili 2023 yameongezwa maswali ya visa virefu vya wagonjwa, na kwa baadhi ya maswali mtu hupewa sehemu ya alama hata asipopata yote. Mashine ikizima kwenye swali la 85, mtahiniwa ama amefaulu vizuri sana ama amefeli vizuri sana, naye hutembea hadi kituo cha basi bila kujua ni lipi. Aliyefeli hungoja siku 45 kabla ya kurudia. Aliyefaulu haambiwi alama, na ile 77 haiulizwi tena.

Kwa wa nyumbani wanaopiga simu: majira ya baridi Massachusetts huwa nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo simu inayopigwa saa tano asubuhi kutoka Nairobi huingia saa tisa usiku. Mwenye habari za mchango wa harusi anaombwa apige Ijumaa saa tatu usiku, na aeleze kwa ufupi.